Bega la Balozi Vedasto

Vedasto Ntahondi alikwea michikichi miaka thelathini na mmoja bila kuanguka, akaja kuanguka kutoka juu ya ndoo. Ndoo ya plastiki ya lita ishirini, iliyopinduliwa. Watu wa Mwandiga watakuambia alianguka mchikichini, kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyotaka isemwe, lakini mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na daftari mkononi, na sina sababu ya kumstahi.

Mwaka ule wa tisini na saba yeye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi, mwalimu mstaafu, nilikuwa karani wake, kazi isiyo na mshahara ila lawama. Wakimbizi walikuwa wakiingia kutoka Burundi, wengine kwa miguu, wengine kwa boti za Kagunga, kule mpakani ziwani. Amri ilikuwa imetoka juu kwamba wote wakae kambini na mabalozi wahakikishe hakuna anayefichwa mitaani. Mabalozi wengine waliitikia "ndiyo mzee" wakaenda zao shambani. Nani hapa Uha hana shemeji au mjomba upande wa pili wa mpaka? Vedasto hakuwa mtu wa kuitikia tu. Yeye alibuni utaratibu: kila nyumba, karibu na mlango, ichorwe mstari mmoja wa mkaa kwa kila mgeni aliyelala humo zaidi ya siku tatu. Mgambo wakipita wasome ukutani, wasisumbue watu kwa kugonga milango. Aliuona utaratibu huo kuwa ni ustaarabu mkubwa.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Walijisugua kwenye kuta wakafuta wageni wote. Vedasto akaamua mistari ipande juu, na ndiyo sababu ya ndoo. Siku hiyo tulikuwa kwa Marcelina, mjane wa nyumba ya nne, tukimchora mama mkwe wake aliyekuja kumtembelea kutoka Ilagala. Bibi yule alikuwa mtu wa nchi hii tangu enzi za Mjerumani, ila utaratibu ni utaratibu. Vedasto akapanda ndoo, akanyoosha mkono wenye mkaa, ndoo ikateleza. Alitua kwa ubavu wa kulia, na nikasikia kitu kikivunjika kama muwa unaovunjiwa gotini.

Siku tatu alikaa kwa fundi wa viungo, akifungwa majani ya moto. Fundi yule amewaunga watu wengi miguu na mikono, simkashifu. Lakini siku ya nne mkono ulikuwa mweusi hadi kiwikoni na bega limekuwa tambarare upande ambao Mungu aliliumba mviringo. Mkewe, Dainess, hakuuliza ushauri wa mtu. Alisimamisha gari la mkaa, akampakia mumewe juu ya magunia, akampeleka hospitali mjini.

Sasa sikilizeni jambo hili. Kwa miaka yote tangu uhuru, aliyevunjika bega Kigoma aliambiwa pole, akafungwa kitambaa shingoni akaenda nyumbani. Daktari bingwa wa mifupa tulimsikia redioni. Mwaka ule tu alikuwepo, kwa sababu shirika moja lilimleta, pamoja na masanduku ya mabamba na skrubu, awatengeneze majeruhi wa vita vya ng'ambo. Vedasto, ambaye hakutaka kumwona mkimbizi hata kwenye picha, akapewa kitanda katikati ya wakimbizi wawili, na chuma kilichosafirishwa kwa ajili yao.

Daktari aliitwa Rodgers, Mnyakyusa mnene mwenye vidole vyembamba. Aliinua eksirei dirishani akatuonyesha.

"Mzee, bega si bawaba ya mlango," alisema. "Ni yai limekaa kwenye kijiko. Kila upande huenda, na kila upande hutoka. Sasa yai lako limepasuka vipande vinne. Hiki kimezunguka, kinatazama nyuma. Hivi viwili vimevutwa na misuli, kila kimoja kwake."

"Ukiniachia hivi?" aliuliza Vedasto.

"Litaunga, lakini litaunga ovyo. Utakula kwa mkono huo, hutaunyoosha zaidi ya kifua. Nikikupasua, nitavirudisha vipande mahali pake, nivishike kwa bamba na skrubu, nishone na misuli. Lakini nisikufiche. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa ni midogo kama nyuzi. Ikiwa imekatika, kichwa kitakufa polepole hata kama nimekipanga vizuri. Mifupa naweza kuipanga. Damu siwezi kuiamuru."

"Nitakwea?"

"Operesheni ni nusu, mzee. Nusu nyingine ni mazoezi, na hiyo si yangu."

Operesheni ilichukua saa tatu na ushei. Alipozinduka alikuwa na kovu mbele ya bega, bamba moja na skrubu nane, na tangu siku hiyo tulisikia habari za skrubu nane mpaka tukazichoka. Kumbe nusu iliyobaki haikuwa na mwenyewe. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alikuwa mmoja, naye alikuwa likizo.

Ndipo akaja Armelle. Wodini alikuwa akisaidia kutafsiri, akiwageuza wagonjwa na kuwakunja magoti bila kuagizwa na mtu, kwa maana huko Bujumbura hiyo ilikuwa kazi yake miaka sita: kuwarudishia watu mikono na miguu iliyovunjika. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkali wa macho, Kiswahili chake cha Bujumbura. Pale Kagunga boti lilijaa, yeye akapandishwa, mumewe Gélase akaambiwa asubiri linalofuata. Lililofuata lilikuja bila Gélase. Kwa hiyo kila Alhamisi, siku ya boti, Armelle alishuka bandarini kutazama wanaoteremka. Hakutaka kambi. Kambi ziko bara, siku nzima kwa lori, na huko hakuna bandari.

Dainess alimtazama siku mbili, siku ya tatu akasema naye. Njoo kwetu Mwandiga, umfanyishe mazoezi mzee wangu. Alhamisi utapanda Hiace ushuke bandarini. Watu wakiuliza, wewe ni mpwa wangu kutoka Heru. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, nani atajua?

Vedasto aliambiwa jioni. Alipomaliza kula akasema, "Kitanda cha Selina kipo." Selina ni binti yao, ameolewa Uvinza. Zikapita siku tatu, zikapita kumi, na mlangoni kwa balozi hapakuchorwa mstari. Mimi karani sikuuliza.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Armelle alimwinamisha kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, mkono ukining'inia, auzungushe polepole. Watoto walipanga foleni kutazama. Majirani kwa huruma walikuja kumsihi Dainess amwachie mgonjwa apumzike, maana kiungo kilichovunjika hulazwa, hakichezewi. Armelle aliwajibu kwa heshima kwamba bega likilazwa hulala kabisa, halafu akaendelea.

Wiki ya saba akamhamishia ukutani. Asimame akiutazama ukuta, vidole vya mkono wa kulia vitambae juu kama buibui mpaka vikwame, kisha mkono wa kushoto uchore mstari wa mkaa hapo vilipofika. Kesho avuke mstari wa jana, walau kwa unene wa kidole. Nyumba ile ilikuwa na ukuta mmoja tu uliopigwa lipu, ule wa mbele, unaotazama barabara. Basi kila asubuhi, pembeni ya mlango wake, balozi alijichorea mstari. Mtaa mzima uliona, na mtaa mzima ulifurahi kwa ndani. Tulisalimia kwa adabu: shikamoo balozi, naona umepata mgeni mwingine.

Mistari ilipanda. Kifuani, kidevuni, puani. Dainess alianza kutazama mikungu ya chikichi iliyokuwa ikiiva nyuma ya nyumba na kutabasamu. Lakini maumivu nayo yalipanda, na usawa wa paji la uso bega likagoma. Mwanamume mwingine angesema limegoma. Vedasto alisubiri Armelle aingie jikoni, akachora mstari mpya juu ya ule wa jana, akajipangusa mkaa. Kesho yake akafanya tena. Armelle akitoka alitazama ukuta, akasema "vizuri, mzee," akaendelea na shughuli zake.

Mistari ilikuwa arobaini na miwili siku alipokuja Kamanda Feliksi.

Feliksi alikuja Jumanne na lori la mgambo kutoka kata ya mbali, kwa sababu wenye amri walikuwa wameshagundua kuwa mgambo wa hapa hamkamati shemeji yake. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, amechoka. Alishuka mbele ya nyumba ya balozi, akauona ukuta, akahesabu kwa kidole.

"Alama hizi ni za nini?" akatuuliza tuliokuwa tumekusanyika.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipomponza mtu. Mambo ya ndoo, mama mkwe wa Marcelina, utaratibu, yote yalikuwa yakiniwasha mdomoni kwa miezi mitatu. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Kamanda, kwa utaratibu wa balozi mwenyewe, kila mstari ni mgeni mmoja anayelala humu."

Watu wakaangua kicheko. Feliksi hakucheka. Hakuwa mtu wa hapa, hakujua kuwa ni utani, na mimi sikuwa nimemfikiria Armelle hata kidogo. Kama kuna dakika moja ya maisha yangu ningepewa niirudishe, ni ile.

"Arobaini na wawili?" alisema. "Katika vyumba viwili?"

Akaamuru nyumba izingirwe. Mgambo wakaingia mbele wakatokea nyuma, wakarudi na watu watatu tu: Vedasto, Dainess, na Armelle aliyekuwa akichambua maharage na bado ameshika ungo. Feliksi akataka kujua wengine wako wapi. Vedasto, jasho likimtiririka, akaeleza habari za bega, skrubu nane na buibui.

"Sawa," akasema Feliksi. "Panda tuone."

Vedasto akasimama mbele ya ukuta. Watu wote wa nyumba kumi wakimtazama, vidole vyake vikaanza kutambaa. Hofu ilikuwa imembana misuli yote. Bega lilipanda hadi sikioni na mkono ukabaki chini. Alifika mstari wa ishirini na nane akakwama, akaguna.

"Na hawa kumi na wanne?" aliuliza Feliksi kwa upole, huku mgambo mmoja akikunjua kamba. "Hawa wamelala wapi?"

Armelle angeweza kukaa pale na ungo wake. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na naamini hakuwaza kabisa habari za mgambo. Aliona mgonjwa wake anafanya vibaya, akashindwa kuvumilia. Akaweka ungo chini.

"Umesimama mbali, mzee. Sogea," alisema. "Bega liache lilale, mkono ndio unaopanda. Toa pumzi. Mpaka iishe." Akamwekea vidole viwili mgongoni, juu ya mfupa wa bega. "Haya. Rimwe. Kabiri," akahesabu moja, mbili, kwa lugha ya kwao.

Vidole vikapita ishirini na nane. Vikapita thelathini. Vikagusa thelathini na mbili, mahali ambapo havijawahi kufika, na Vedasto akatoa sauti ambayo haikuwa ya maumivu tu.

"Basi," alisema Armelle, akamgeukia kamanda. "Hapo ndipo mwisho wake. Hii kumi ya juu ni uongo. Tazama. Kila asubuhi namsugua mkono na mawese, kwa hiyo kila mstari wa kweli una mafuta ya vidole pembeni yake. Huu wa thelathini na mbili nao ulikuwa uongo, ila ameufikia sasa hivi. Iliyobaki ni mikavu."

Tulisogea tukatazama. Kweli, chini kulikuwa na madoa mekundu ya vidole, ngazi nzima, na juu lipu ilikuwa kavu na safi.

"Ulijua?" Vedasto alimwuliza.

"Tangu wa kwanza, mzee. Mgonjwa anayedanganya bado anataka kupona. Wa kuogopa ni yule asiyejali."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika sokoni. Hata Feliksi alicheka, akatoa kitambaa akajifuta macho, akamwashiria yule wa kamba aikunje. Dainess alicheka akiwa ameshika kiuno. Vedasto peke yake hakucheka. Alisimama amegeukia ukuta wake, masikio yakimchoma.

Feliksi alikuwa ameshaanza kuondoka. Akageuka, kitambaa bado mkononi. "Na wewe, dada, mambo haya ya pumzi na mifupa umejifunzia wapi?"

"Ni mpwa wangu," Dainess akawahi. "Ametoka Heru."

"Mama, sikukuuliza wewe, na wala sitaki kumsumbua mtu," alisema Feliksi. Nadhani alisema kweli. Alikuwa amechoka, amecheka, alitaka kwenda nyumba ya pili. "Namuuliza balozi. Neno lake linanitosha. Balozi, huyu ni mpwa wenu?"

Neno moja tu lilihitajika, tena fupi. Mtu yule alikuwa amedanganya kwa mkaa siku kumi na moja mfululizo bila kulazimishwa na mtu. Alikuwa na uzoefu. Sote tulimtazama na sote tulijua atajibu nini, kwa hiyo hakuna aliyefungua mdomo kumsaidia.

"Nimeshaitwa mwongo mara moja leo mbele ya watu wangu," alisema Vedasto, akiutazama ukuta. "Sitaitwa mara ya pili. Huyu si mpwa wetu. Ni Mrundi."

Dainess alipiga yowe moja. Feliksi alikunja kitambaa chake taratibu sana, kama mtu anayetafuta la kufanya, kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye daftari. Yumo?"

"Daftari liko nyumbani," nilisema. Lilikuwa kwapani mwangu. Niliona aibu, na bado naiona.

Armelle aliomba achukue mfuko wake. Alipotoka alimshika Dainess mikono yote miwili. "Alhamisi," alimwambia. "Gélase Nduwayo. Mrefu, anachechemea kidogo mguu wa kushoto." Kwa Vedasto alisema, kwa sauti ileile ya kila siku, "Asubuhi na jioni, mzee. Usiache hata likiuma." Kisha akapanda lori, ambalo lilikuwa na watu tayari, na hakuna aliyefikiria kuuliza linakwenda kambi gani.

Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa kijiji, Vedasto alisifiwa kwa jina. Msemaji alisema nchi inahitaji mabalozi wakweli, wasioficha hata walio chini ya paa lao. Tulipiga makofi. Vedasto alisimama akainama kidogo. Nyumbani, Dainess alimpikia, alimfulia, na hakumsemesha neno.

Ila mazoezi hakuacha. Nakiri hilo, ingawa sipendi. Asubuhi na jioni, peke yake mbele ya ukuta, alijipaka mawese mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akatambaa. Ile mistari mikavu aliivuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiuachia doa lake, na siku nyingine alilia waziwazi. Novemba mkono ulinyooka wote. Nilimsindikiza kwa Daktari Rodgers, ambaye alitazama eksirei mpya akawaita wauguzi waje waone. Kichwa cha mfupa kilikuwa hai. Alisema amepasua mabega kama hayo kadhaa na si mengi yaliyorudi hivi.

"Nani aliyekufanyisha mazoezi?" aliuliza.

"Mpwa wa mke wangu," alijibu Vedasto.

Dainess alishuka bandarini kila Alhamisi. Alisimama pale Armelle alipokuwa akisimama, akitazama miguu ya kushoto ya wanaume. Alhamisi ya kumi na tatu alirudi na mtu mrefu anayechechemea. Njiani alimwambia jambo moja tu, kwamba Armelle aliishi kwake na alimtibu Vedasto bega lililovunjika vipande vinne. Mengine, alimwambia, mume wangu atakueleza.

Nilikuwepo barazani. Yule mtu alisema shikamoo, akapewa kigoda, akakaa na kofia magotini akitazama mlangoni, akingoja mtu atoke ndani. Dainess alisimama kando, amekunja mikono. Vedasto alieleza. Nikiri kwamba hakujipunguzia. Alisema lori, alisema Jumanne, alisema, "Ni mimi niliyemtaja."

 Gélase akauliza kambi gani.

Hatukujua. Marcelina alisikia ni upande wa Kasulu, wengine walisema Kibondo, na makambi huko ni mengi, kila moja na watu wake kwa maelfu. Gélase akauliza basi njia ni ipi.

Vedasto akasimama kumwonyesha. Aliinua mkono wa kulia, nao ukapanda bila kusita, ukapita kichwa, ukanyooka wote kuelekea barabara ya bara. Gélase hakuitazama barabara. Aliutazama mkono ule, kutoka begani hadi kwenye vidole, kwa makini ya mtu anayeijua kazi ya mkewe.

"Amekutibu vizuri, mzee," alisema, akavaa kofia yake.